Mswaki Mmoja, Mtu Mmoja

AFYA YAKO
Na Mganga Msaidizi wa Zahanati ya Kijiji, Geita



Ukiingia asubuhi katika nyumba nyingi za vijijini mwetu utaukuta mswaki mmoja umechomekwa ukutani, au umelazwa dirishani karibu na kipande cha sabuni. Baba anautumia kabla ya kwenda shambani au machimboni. Akimaliza anausuuza kwa maji kidogo na kuurudisha mahali pake. Mama naye anauchukua. Kisha watoto wa shule wanagombea zamu. Yule mdogo kabisa anasafishwa meno na dada yake kwa mswaki huo huo. Jioni akifika mgeni, naye anaonyeshwa ulipo.

Watu wa nyumba hii wanastahili sifa kwa kuwa wanasafisha meno. Wako wengi wasiosafisha kabisa. Lakini mswaki wao mmoja unaweza kuwa njia ya kupitisha ugonjwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, bila mtu yeyote kujua. Leo tutaeleza kwa nini kila mtu hana budi kuwa na mswaki wake, hata kama ni kijiti cha mti, na jinsi familia isiyo na fedha nyingi inavyoweza kufanya hivyo.

MSWAKI UNABEBA NINI

Kinywani mna vijidudu vingi sana, wazuri na wabaya. Vingine hushika juu ya meno na kufanya ukoga. Vijidudu vya ukoga hula sukari tunayokula sisi, katika chai, soda, pipi na biskuti, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino. Ukoga ukikaa kando ya fizi, fizi huvimba na kuwa nyekundu, na ukizigusa kidogo hutoa damu.

Jiulize sasa: mswaki unafanya kazi gani? Unasugua ukoga na fizi. Mtu mwenye fizi mbovu akipiga mswaki hutema mate yenye damu. Nyingine hubaki katikati ya nywele za mswaki. Si lazima uione. Tone dogo lisiloonekana kwa macho linatosha kubeba virusi.

Anayefuata anautia mswaki huo kinywani mwake na kusugua fizi zake. Kama fizi zake nazo zina mchubuko, damu ya wa kwanza imepata mlango wa kuingilia. Hapo ndipo mswaki unapotofautiana na sahani. Tukila ugali katika sahani moja hatuchubuani. Lakini mswaki huchubua, na mahali palipochubuka huacha ulichobeba.

HOMA YA INI AINA YA B

Ugonjwa unaotutia wasiwasi kuliko mingine katika jambo hili ni homa ya ini aina ya B. Husababishwa na virusi vinavyokaa katika damu na majimaji ya mwili. Huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Huenea pia ndani ya nyumba, kwa kuchangia vitu vinavyogusa damu kama wembe, sindano, na mswaki.

Virusi hivi ni vigumu kufa. Vikiwa nje ya mwili, katika damu iliyokauka, vinaweza kuishi siku 7 au zaidi. Kwa hiyo mswaki uliotumika jana, ukakauka usiku kucha, bado unaweza kuwa navyo leo asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini aina ya B. Katika mwaka huo huo, homa ya ini ya aina ya B na ya C ziliua watu wapatao milioni 1.3. Bara la Afrika ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi.

Hatari yake ni kwamba wengi walio nacho hawaumwi. Wanalima, wanachimba, wanabeba mizigo. Baadhi hupata macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, uchovu na kukosa hamu ya kula. Wengine hawaoni dalili yoyote kwa miaka 20 au 30. Wakati huo wote virusi vinaharibu ini polepole. Mwishowe ini hukakamaa, au hupata saratani. Tumbo hujaa maji, mwili hukonda. Mgonjwa akifikishwa Bugando, Mwanza, katika hali hiyo, mara nyingi tiba huwa imechelewa.

Hapa tuwafikirie zaidi watoto. Mtu mzima akiambukizwa virusi hivi, mara nyingi mwili wake hushinda wenyewe. Katika watu wazima 100, hawafiki 5 ambao hubaki navyo maisha yote. Kwa mtoto mchanga ni kinyume. Katika watoto wachanga 100 wanaoambukizwa, wapatao 90 hubaki navyo. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano naye yumo katika hatari kubwa kuliko mtu mzima. Kwa hiyo yule mdogo anayesafishwa kwa mswaki wa dada yake, au wa baba yake, ndiye mwenye hasara kubwa kuliko wote nyumbani. Analolipata leo linaweza kumuua akiwa na umri wa miaka 40, naye ana watoto wanaomtegemea.

MAGONJWA MENGINE

Homa ya ini aina ya C nayo huenezwa kwa damu, na inaweza kupita katika njia hiyo hiyo. Malengelenge ya mdomoni na vijidudu vya kuozesha meno navyo huhama kwa mate.

Wengi huuliza juu ya virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo ni dhaifu vikiwa nje ya mwili, na uwezekano wa kuambukizwa kwa mswaki ni mdogo sana. Kwa hiyo mtu asimwogope wala kumtenga jirani anayeishi na virusi hivyo. Hata hivyo kanuni ni ile ile kwa wote: kila mtu mswaki wake.

TUNAYOULIZWA ZAHANATI

Tunapofundisha jambo hili siku za kliniki, akina mama hawakubali tu. Wanauliza, na ndivyo inavyofaa. Haya ni mazungumzo na mama mmoja mtu mzima aliyemleta mjukuu wake kupimwa uzito.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia ulivyosema. Lakini hawa watoto nimewazaa mimi, na wajukuu ni wa hao hao. Damu yao ni yangu. Mbona unatutenganisha kwa mswaki?"

"Mayu, siwatenganishi. Kuleni pamoja, laleni pamoja, mbebe mjukuu wako. Ugonjwa huu hauangalii ukoo. Mtu anaweza kuupata ugenini, akaurudisha nyumbani bila kujua. Mkichangia mswaki, mnachangia na damu."

"Na nikiuosha kwa maji ya moto kila mtu akimaliza?"

"Maji ya moto ya kunawia hayaui virusi hivi. Na uchafu hujificha chini kabisa, pale nywele zinaposhikana na kichwa cha mswaki. Ukiuchemsha nao, nywele za plastiki zinalegea na kupinda, na mswaki haufai tena. Kuosha mswaki ni vizuri, lakini hakugeuzi mswaki wa mmoja kuwa wa wote."

"Mume na mke je?"

"Nao kila mmoja na wake."

"Haya. Na fedha nitatoa wapi? Nyumbani kwangu tuko wanane."

Swali hili la mwisho ni la haki. Tulijibu kwa hesabu.

HESABU YA MISWAKI

Mswaki hufaa kubadilishwa kila baada ya miezi 3 au 4, au mapema zaidi kama nywele zake zimetawanyika. Ukibadilisha kila miezi 3, utabadilisha mara 4 kwa mwaka.

Watu 8 x mara 4 = miswaki 32 kwa mwaka.

Tuseme mswaki mmoja wa kawaida katika duka lenu unauzwa shilingi 500.

Miswaki 32 x shilingi 500 = shilingi 16,000 kwa mwaka.

Kama bei ya kwenu ni nyingine, badilisha namba hiyo na upige hesabu tena. Utaona kuwa kwa mwezi ni chini ya shilingi 1,400 kwa watu wote wanane. Familia ikitenga jogoo mmoja mkubwa kwa ajili ya miswaki ya mwaka, kazi karibu imekwisha. Ipo familia ambayo hata hiyo haiipati. Kwa familia hiyo ipo njia nyingine isiyodai fedha.

MSWAKI WA MTI

Kabla ya mswaki wa dukani, watu wetu walisafisha meno kwa vijiti. Neno lenyewe mswaki lilianza kuwa jina la kijiti, tukalipokea kutoka Kiarabu. Mswaki wenye nywele na mpini ulikuja baadaye sana. Mwingereza William Addis alianza kuutengeneza kwa ajili ya kuuza mnamo mwaka 1780, kwa mfupa na nywele za mnyama. Nywele za nailoni zilianza kutumika mwaka 1938.

Kijiti kikitumiwa vizuri kinasafisha meno. Tena kina faida moja kubwa: hakuna mtu anayetafuna kijiti kilichotafunwa na mwenzake. Kila mtu hukata chake. Katika jambo tunalolieleza leo, babu zetu walikuwa mbele kuliko sisi tunaochangia mswaki wa plastiki.

Fanya hivi:

1. Kata kijiti kibichi cha unene wa penseli, kama cha mwarobaini au cha mti wa mswaki. Kioshe.

2. Menya gome la ncha moja, kiasi cha sentimeta 1 hadi 2. Tafuna mpaka ncha iwe laini kama brashi.

3. Sugua taratibu, jino baada ya jino, nje na ndani. Usisugue kwa nguvu, utaumiza fizi.

4. Ukimaliza, kata ncha iliyotumika na kuitupa. Kesho tafuna ncha mpya.

Jihadhari na miti yenye utomvu mweupe. Mnyaa tunaopanda kuzunguka maboma yetu ni sumu. Utomvu wake huunguza mdomo, na ukiingia machoni unaweza kupofusha. Usitumie mti usioujua.

Upungufu wa kijiti ni kwamba hakina dawa ya meno yenye floridi, ambayo huimarisha jino lisitoboke. Ukiweza kununua dawa hiyo, ipake kwenye meno kwa ncha ya kijiti chako au kwa mswaki wako.

MSWAKI WA UMEME JE?

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na Geita ina watu wengi wenye mshahara tangu mgodi mkubwa wa dhahabu ulipoanza uzalishaji mwaka 2000. Wapo walioleta nyumbani mswaki wa umeme, ule unaotetemeka au kuzunguka wenyewe. Kwa kuwa ni wa bei kubwa, hununuliwa mmoja tu, na nyumba nzima huutumia. Hivyo tunarudi pale pale tulipoanzia, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Mswaki wa umeme ulitengenezwa Uswisi mwaka 1954 na daktari Philippe-Guy Woog. Ulikusudiwa hasa wagonjwa ambao mikono yao haikuweza kusugua vizuri. Hata leo unawafaa sana wazee wanaotetemeka mikono na watu wenye ulemavu. Je, unasafisha kuliko wa kawaida? Wataalamu waliokusanya majaribio mengi na kutoa taarifa mwaka 2014 walikuta kwamba, baada ya miezi 3, waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21 kuliko waliotumia wa mkono. Faida hiyo ipo. Lakini hakuna mtu anayeharibikiwa meno kwa sababu mswaki wake hauna umeme, kama anautumia vizuri mara 2 kwa siku.

Je, familia inaweza kuchangia mswaki wa umeme? Inategemea umetengenezwaje.

Ipo ile ambayo kichwa chenye nywele huchomolewa. Hapo mpini unaweza kuwa wa nyumba nzima, lakini kila mtu awe na kichwa chake. Vichwa vingine vina pete za rangi mbalimbali ili visichanganywe. Kabla ya kumpa mwenzako mpini, chomoa kichwa chako, osha mahali kilipokaa, na ufute kwa kitambaa safi. Maji yenye mate hujikusanya pale. Kichwa nacho hubadilishwa kila miezi 3, kama mswaki wa kawaida.

Ipo na ile ya betri ya bei nafuu ambayo kichwa chake hakichomoki. Huo ni wa mtu mmoja tu.

Kwa hiyo ndugu, kama una fedha za mswaki mmoja wa umeme na nyumbani mko sita, ni afadhali ununue miswaki sita ya kawaida.

MACHIMBONI, SHULENI NA KWA WAGENI

Mchimbaji mmoja alituambia, "Kaka, kule kwenye duara tuko sita kibanda kimoja. Mtu anakuja na begi tu. Mswaki ni wa yule aliyenunua." Hali hii ni ya kawaida katika kambi za wachimbaji wadogo. Vijana hutoka mikoa mbalimbali na hawajui hali ya afya ya wenzao. Kila mtu aweke mswaki wake ndani ya begi lake, na wembe wake pia. Viongozi wa kambi wanaweza kuwaomba wenye vibanda vya biashara wawe na miswaki siku zote, kama walivyo na vocha za simu na sigara.

Wanaokaa bweni nao watie alama miswaki yao kabla ya kuondoka nyumbani.

Na mgeni je? Tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni asiondoke na ugonjwa wetu wala asituachie wa kwake. Mpe maji, mpe sabuni, na umkatie kijiti kibichi. Hiyo ni heshima iliyotimia.

JINSI YA KUTUNZA MISWAKI YA NYUMBANI

1. Tia alama. Funga uzi wa rangi kwenye kila mpini, au chora mkato kwa kisu: mmoja wa baba, miwili ya mama, mitatu ya mtoto wa kwanza, na kuendelea. Hata asiyejua kusoma atautambua wake.

2. Toboa matundu katika kipande cha ubao na utundike miswaki, nywele zikiwa juu. Acha nafasi, nywele zisigusane.

3. Weka ubao huo mahali penye hewa, mbali na choo, na pasipofikiwa na mende na panya. Usichomeke mswaki katika nyasi za paa.

4. Suuza mswaki wako kwa maji safi na uukung'ute. Usiuchovye katika kikombe kimoja na wenzako.

5. Ukikamua dawa ya meno, mdomo wa dawa usiguse nywele za mswaki. Dawa moja inaweza kutumiwa na wote kwa njia hiyo.

6. Mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya mbaazi. Mzazi amsaidie kusugua mpaka afikie miaka 7 au 8.

KAMA TAYARI MMEKUWA MKICHANGIA

Usiogope, wala usimtuhumu mtu. Tupa mswaki ule wa zamani leo, na kila mmoja aanze na wake.

Kisha angalia kadi za watoto. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo za watoto Tanzania tangu mwaka 2002. Sasa imo ndani ya sindano moja inayokinga magonjwa matano, nayo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Watoto wa wazazi wanaohamahama kutoka kambi hadi kambi mara nyingi hukosa sindano ya pili au ya tatu. Kama nafasi katika kadi iko wazi, mlete mtoto kliniki.

Watu wengi waliozaliwa kabla ya mwaka 2002 hawakuchanjwa utotoni. Mtu mzima anaweza kupimwa damu. Akikutwa hana virusi, anaweza kuchanjwa mara 3: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Uliza katika kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya kama huduma hiyo ipo na gharama yake.

Akikutwa nyumbani mtu mwenye virusi, ahudhurie hospitali. Zipo dawa za kuvituliza kwa wanaozihitaji. Wengine wote wa nyumba hiyo wapimwe na kuchanjwa. Asitengewe sahani, asitengewe kitanda, asinyimwe kushika watoto. Homa ya ini aina ya B haiambukizwi kwa chakula, kwa kushikana mikono, wala kwa kukumbatiana. Vya kumtengea ni vile vile ambavyo kila mtu anapaswa kuwa navyo peke yake: mswaki, wembe na kikata kucha.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Walianza na yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wao. Ubao wenye matundu manane na nyuzi za rangi uko ndani ya uwezo wa kila nyumba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako mko wangapi? Miswaki iko mingapi?

2. Kwa nini kuchangia sahani si sawa na kuchangia mswaki?

3. Piga hesabu ya miswaki ya nyumba yako kwa mwaka mzima, kwa bei ya duka la kijijini kwenu.

4. Ni miti gani ya kijijini kwenu inafaa kwa mswaki, na ni ipi ya hatari? Waulize wazee.

5. Nani nyumbani kwako hajamaliza chanjo? Atapelekwa lini?